Uso Niliomwazima Baba

Sau Mau Ping, Hong Kong
Machi 10, 2024

Kwa dada yangu mpendwa Suk-han,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba baridi ya Manchester imeanza kuwaachia viungo vyenu. Sisi huku tu wazima kwa kiasi cha mtu kuweza kusema hivyo bila kuona haya. Ukungu wa mwezi wa tatu umeingia, kuta zinatoka jasho, nguo hazikauki, na mama analalamika kwamba hata chumvi imelowa. Anakusalimu sana. Ameuliza kama kile kikohozi chako kimekwisha, na kama shemeji bado anakula mkate asubuhi badala ya uji kama mtu asiye na kwao.

Najua utashangaa kupokea barua ya karatasi wakati tunaonana kwenye simu kila Jumapili. Lakini nyumba yetu unaijua: ukipiga chafya jikoni, aliye chumbani anakwambia pole. Na hiyo simu ya picha ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa mama huweka uso wake mbele ya wangu na hauondoi. Haya ninayotaka kukuambia yanataka uyasome peke yako, umeketi. Ndani ya bahasha hii utakuta bahasha nyingine ndogo nimeigundisha. Nakuomba usiifungue mpaka nitakapokuambia.

Nianze na afya yake. Mwezi uliopita nilimpeleka hospitali kwa sababu miguu ilikuwa imevimba na ngazi za mlangoni tu zilikuwa zinamkata pumzi. Daktari alikuwa kijana mpole. Kabla hajasema neno alivua miwani akaiweka mezani. Dada, daktari wa namna hiyo nimemwigiza kwenye televisheni mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, na kuvua miwani ndivyo ninavyofanya, kwa hiyo sentensi iliyofuata niliijua kabla hajafungua mdomo. Alisema moyo umechoka. Dawa zitausaidia kutembea polepole, lakini tusitarajie ukimbie tena. Hakutaja miezi, nami sikumwuliza. Tulipotoka, mama alitaka kujua kijana kasema nini, nikamwambia kasema apunguze chumvi. Akaniangalia, akasema, “Wewe ukiwa daktari kwenye televisheni unadanganya vizuri zaidi.”

Kuhusu kazi, mimi bado ni jani, kama tunavyoitwa huku. Ua ni yule mwenye jina kwenye bango, sisi wengine ni majani ya kulifanya ua lionekane jekundu. Nimekuwa mhudumu wa mkahawa, polisi anayefika watu wameshapigana wakamaliza, dereva wa teksi anayeambiwa afuate gari la mbele, wakili wa upande utakaoshindwa. Zaidi ya yote nimekuwa baba anayekufa mapema ili mwanawe apate sababu ya kulipiza kisasi. Stelingi hafi, tunaokufa ni sisi. Watu sokoni wanaujua uso wangu na hawalijui jina langu. Yule muuza samaki wa pale chini huniita Marehemu. Hunipigia kelele, Marehemu, leo kuna chewa bado anaruka, wateja wanacheka, nami nacheka, na kusema kweli chewa hunichagulia mzuri.

Unakumbuka jinsi mama alivyokuwa na mambo ya mikosi. Kila nilipoigiza maiti, meneja alinipa bahasha nyekundu yenye noti moja ya kufukuza mkosi, nami kama ilivyo desturi niliitumia yote kabla ya kufika nyumbani, mara nyingi kwa vikeki vya mayai. Hiyo haikumtosha mama. Alinisubiri mlangoni na beseni la maji yaliyochemshwa na majani ya balungi, na sikuruhusiwa kugusa kiti mpaka ninawe uso na mikono. Na kuliko maiti, alichokiogopa zaidi ni picha. Maiti wa kuigiza huinuka akaenda kula, alikuwa akisema, lakini picha ya mtu ikishawekwa mezani ikafukiziwa udi, wafu wameshaitwa waje wamchukue. Hata kazini kwetu jambo hilo halifanyiwi mchezo. Mtunza vifaa wetu, Mzee Fung, huandika jina la mwigizaji nyuma ya picha kwa wino mwekundu, kama yanavyopakwa nyekundu kwenye jiwe la kaburi majina ya jamaa walio hai bado, ili wafu wasiwachukue, na upigaji wa filamu ukiisha huichana mbele ya macho yako.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu haya hukuyaona. Ulikuwa umeshaolewa ukaondoka. Nilipoingia darasa la uigizaji, mwalimu aliniambia nina uso wa mkulima na mwili wa karani. Nafasi yangu ya kwanza ilikuwa mzee wa kijijini mwenye sentensi moja, nikashindwa hata kuinuka kitini. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, nikamwuliza mama baba alikuwa akiinuka vipi. Baba ambaye sikumwona, kwa kuwa yeye na mama walipoingia majini kuvuka ghuba kukimbilia Hong Kong mimi nilikuwa tumboni, mama akatokea upande huu na yeye hakutokea. Baba ambaye hata picha yake hatukuwa nayo, kwa kuwa bibi alizichoma zote siku wanamgambo walipokuja kuuliza waliotoroka ni akina nani. Mama akabonyeza goti kwa kiganja, akashusha pumzi ndefu puani, ndipo akanyanyuka. “Hivi,” akasema. “Babako alikuwa akiinuka hivi.”

Tangu siku hiyo kila nilipopata mzee wa kuigiza nilimwendea yeye. Alinionyesha jinsi baba alivyolizungusha bakuli la wali kiganjani kabla ya kula. Alinionyesha jinsi alivyofuta vijiti vyake kwenye mkono wa shati hata kama vilikuwa safi, na jinsi alivyoshusha pumzi kabla ya kujibu swali lolote, hata la ndiyo au hapana. Niliyachukua yote. Ile pumzi ndiyo iliyonilisha, dada. Waongozaji wakawa wanasema, mtafuteni yule Yim wa pumzi, kwa kuwa hata nikiwa na sentensi moja tu, nikishusha pumzi kabla ya kuisema, watazamaji hudhani kuna nyingine kumi nimezimeza.

Mwaka ule nilipoteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji msaidizi, nikashindwa na kijana mwenye meno mazuri, mtangazaji aliniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikasema ni baba yangu. Ukumbi ukapiga makofi. Niliporudi nyumbani nilitegemea kumkuta mama ana furaha. Alikuwa jikoni, amenipa mgongo, anasugua sufuria iliyokwisha takata. Mimi nilidhani analia kwa fahari.

Ukimwondoa mama, wewe ndiye pekee kati yetu uliyepata kumwona baba. Nakumbuka ulipoletwa kutoka kwa bibi, una miaka kumi na miwili, nywele zimekatwa kama za mvulana. Mimi nilikuwa na sita. Nikakuuliza baba alikuwaje. Ukanijibu, “Mimi nilimwona, wewe hukumwona, na sikwambii.” Nililia, mama akakukaripia, nawe ukamwambia kwamba mimi nilikuwa na mama, wewe ulikuwa na mlango wa bibi tu. Tangu hapo jambo hilo hatukuligusa tena. Wala sikulaumu. Mtoto wa miaka mitano aliyeambiwa wazazi wamekwenda gulioni, akakaa miaka saba akiangalia njia, ana haki ya kuweka kitu kimoja kiwe chake peke yake.

Basi, mwishoni mwa mwaka jana nilipata kazi katika tamthilia ya mambo ya zamani. Safari hii sikuhitajika hata kufa. Nilikuwa nimekwisha kufa kabla haijaanza. Walitaka picha yangu tu, nyeusi na nyeupe, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, nywele zimegawanywa upande. Wakanipaka unga, wakanisawazisha kwa kompyuta, mtu wa miaka hamsini na mmoja nikawa kijana wa thelathini.

Ilipoonyeshwa tulikuwa tunakula. Mjane wa kwenye tamthilia akachomeka udi mbele ya picha, kamera ikaisogelea mpaka ikajaa kioo chote. Mama akaweka bakuli chini. Akainuka bila kubonyeza goti, jambo ambalo sijaliona kwa miaka mingi, akaenda mpaka kwenye televisheni akaweka kidole shavuni pangu. “Ndiye huyu,” akasema. Nikamwambia, mama, huyo ni mimi. Akasema anajua ni mimi, yeye hajawa mwehu. “Lakini ndiye huyu.”

Asubuhi yake akanitaka nimletee ile picha aiweke kwenye meza ya wazee waliotangulia, pale ambapo baba amekuwa jina tu kwenye kibao chekundu. Mwanamke aliyenichemshia majani ya balungi miaka thelathini ananitaka mimi, mwanawe niliye hai, nifukiziwe udi. Nilikataa. Nikamrudishia maneno yake mwenyewe kuhusu picha na wafu. Akasema maneno hayo ni ya kweli na hajayasahau. Ndiyo sababu ananiomba, hanitumi.

Hakulitaja tena. Akawa anakula kidogo, akazidi kula kidogo. Mwishowe nikaenda kwa Mzee Fung, picha ikiwa haijachanwa bado kwa kuwa upigaji ulikuwa unaendelea. Naye aligoma kwanza, akasema hajapata kuacha picha itoke nzima mikononi mwake, na nikifa kesho watu watasema ni yeye. Nikamweleza habari yote. Akaichukua ile picha, akaandika jina langu upya kwa wino mwekundu, herufi kubwa kuliko kawaida, akasema huenda hata wafu nao macho yameanza kuzeeka. Kisha akanipa bahasha nyekundu kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Nilinunua vikeki vya mayai nikavila vyote nimesimama kituo cha basi.

Kwa hiyo, dada, tangu mwezi wa kwanza mimi niko mezani. Kila asubuhi napita mbele ya uso wangu ukifukizwa. Nakiri niliogopa, siku moja nilishikwa na tumbo la kuendesha nikaanza kugawa nguo zangu kichwani. Sasa nimezoea, namwamkia. Mama humwekea chai na chungwa, akamsimulia bei ya mboga, majirani waliohamia huko kwenu, na habari za wapwa zangu. Amemwambia, nami nikisikia, kwamba kijana wao hajapata kuwa ua lakini hajapata kukosa kazi. Alikuwa na furaha, Suk-han. Alianza tena kuchana nywele zake kabla ya chai.

Nikadhani mambo yameishia hapo. Jumanne iliyopita, mchana, tulikuwa tunamenya mizizi ya yungiyungi kwa ajili ya supu. Akaweka kisu chini, akashusha pumzi, akasema, “Pak-hei, babako simkumbuki.”

Nilimwambia ni uzee, kila mtu husahau. Akanikatiza. Akasema si uzee. Uso wa baba ulimtoka mimi sijaanza hata kutembea. Mwanzoni aliushikilia kwa nguvu, kila akilala anaupitia, macho, pua, kidevu, na kadiri alivyozidi kuupitia ndivyo ulivyozidi kufutika, mpaka akabaki na mgongo peke yake, ule mgongo uliotangulia mbele yake majini. Picha hakuna. Kumwandikia bibi amwulize, aibu. Mke gani anauliza watu mumewe alikuwaje.

Nikamwuliza, na sauti niliyoisikia haikuwa yangu, sasa yale aliyonifundisha ni ya nani. Goti, bakuli, vijiti, pumzi.

“Ulikuja umenyong'onyea, unataka baba,” akasema. “Ningekwambia sina? Niliinuka tu, mwanangu, kama ninavyoinuka.”

Akanyanyuka kwenda kuweka sufuria motoni, nami nikamtazama. Kiganja gotini, pumzi puani, ndipo akasimama. Nimeyaona hayo kila siku ya maisha yangu, na siku zote nilijiambia kwamba waliishi pamoja, ameyaokota kwa mumewe. Miaka thelathini nimewapa watu wa Hong Kong mama yangu amevaa kofia ya mzee, nao wakamlilia. Halafu nikasimama mbele ya makofi nikamshukuru mtu mwingine, na yeye akaenda kusugua sufuria safi. Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia. Nililia, nakwambia wazi, na mama akalisogeza bakuli la mizizi mbali nami ili nisiitie chumvi.

Lakini hilo halikuwa lenyewe alilotaka kusema. Alisema picha ilipotokea moyo wake uliruka, na kwa muda amekuwa na mume tena. Sasa shaka imemwingia. Labda siye, labda ni mwanawe tu aliyegawanywa nywele. Na muda uliobaki ni mdogo, hilo analijua bila ya mtu kumvulia miwani. “Naogopa nikifika huko nisije nikampita kama mtu baki,” akasema, “na yeye kanisubiri muda wote huu.”

Akasema yuko mmoja aliyemwona kwa macho ya mtoto, na macho ya mtoto hayasahau. Ila yeye hana uso wa kukuuliza. Alikuacha kwa bibi, na hawezi leo kukugeukia akuombe hata kile kitu kimoja ulichobakiwa nacho. Amenikataza nisikuandikie. Nami nakuandikia, kwa kuwa mficha uchi hazai, na mimi nimechoka kuona nyumba yetu ndogo namna hii ikijaa mambo yasiyosemwa.

Sasa fungua ile bahasha ndogo. Ni nakala, yenyewe haiondoki mezani. Jina lililo nyuma nimeliandika mimi kwa wino mwekundu, usiogope. Itazame dirishani, mchana. Kama nawe umesahau, si kosa. Aliyelala naye kitanda kimoja amesahau. Kama ndiye, mpigie Jumapili umwambie. Kama siye, sikufundishi la kumwambia. Mimi naishi kwa kujifanya watu wengine, sina haki ya kumfunza mtu kusema kweli wala uongo. Utasema lile utakaloweza kulala nalo. Na ukiweza kuja mwenyewe kabla ya siku ya kufagia makaburi, kitanda chako kipo, nimekitolea maboksi.

Limebaki moja, na hili hakuniambia nikuambie wala hakunikataza. Nilimwuliza, katika usiku wa miaka ile yote, alipokuwa akiutafuta uso wa baba ukamkatalia, basi alikuwa anaona nini. Mara ya kwanza katika maisha yangu alijibu bila kushusha pumzi. “Dada yako,” akasema. “Kila nilipomtafuta babako, alikuja mtoto, amekaa mlangoni. Ndiye aliyemfuta. Yule sijamsahau hata unywele wa sikioni.”

Mpe shemeji mkono wangu, na wapwa uwaambie mjomba wao mfu anawasalimu na ana hamu ya kuwaona warefu. Mama amemaliza usingizi wake wa mchana, nasikia anainuka. Nikifunga barua nitampikia uji.

Ndimi mdogo wako, niliye hai bado,

Yim Pak-hei